Betri ya Mama Seth

Kabla hajawa muuza nyanya, Ursula, ambaye majirani walimwita Mama Lea, alikuwa fundi umeme wa magari. Miaka minane alifanya kazi katika karakana ya serikali hapa Dodoma, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne. Mwaka 1994 wafanyakazi walipopunguzwa, jina lake likawemo. Alitaka kwenda kwenye gereji za Kizota, jirani tu na nyumbani, lakini mumewe Henry, karani wa masjala, alisema hawezi kupita barabarani huku watu wanaonyeshana miguu ya mkewe imechomoza chini ya gari. Basi Ursula akafunga spana zake kwenye gunia, akazisukuma chini ya kitanda, akafungua genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba.

Genge lilitazamana na geti la Edina, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Seth. Alikuwa anauza vitenge soko la Majengo. Biashara ya nje iliporuhusiwa akaanza kwenda Dubai, na baada ya safari ya nne likaja gari lake: jekundu, viti viwili, paa la turubai, limelala chini hata mbuzi wa jirani aliweza kuegemeza kidevu juu ya boneti.

Ursula alilichukia siku ile ile. Hakuwa na sababu ya kuitaja mbele za watu. Mama Seth hakujua hata kubadilisha gurudumu, na ndiye aliyelipata gari lile. Yeye aliyejua kila waya unakoanzia na unakoishia alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu.

Mwezi wa nane, mwaka wa pili wa genge, Mama Seth alirudi kutoka safari ndefu, na gari likakataa kuwaka. Ursula akiwa gengeni alisikia ufunguo ukizungushwa: tk, tk, tk, kisha kimya. Alijua palepale kwamba betri imekufa. Hakusema. Mafundi wawili waliitwa. Wa kwanza alifungua boneti, hakuona betri, akasema magari ya namna hii yana mambo yake, akasafisha plagi akaondoka. Wa pili alilaumu starta. Ursula aliwasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije alilala usingizi mzuri.

Lakini gari likawa linawashwa kwa kusukumwa, na msukumaji akawa Henry. Mtu ambaye nyumbani ndoo ya maji ilikuwa inamuumiza mgongo, kila asubuhi alikunja mikono ya shati, akainama nyuma ya gari la Mama Seth, akasukuma mpaka likaunguruma. Alirudi amejaa vumbi, anacheka. Wiki ya pili akaanza kujipaka mafuta nywele kabla ya kutoka. Ursula aliyaona yote hayo akiwa nyuma ya vitunguu vyake, na kila siku moyo ulizidi kumwaka.

Jumapili ya wiki ya tatu, Mama Seth akamwambia Henry apande, ampe lifti ya kanisani kama asante. Viti vilikuwa viwili. Henry alimtazama mkewe, akasema atamwekea nafasi kwenye benchi, akapanda. Ursula akatembea peke yake kwa miguu, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia kwamba amemwona mumewe akipita.

Jumatatu, Henry alipokwenda kazini, Ursula alitoa gunia chini ya kitanda, akavuka barabara.

"Mama Seth, gari lako halina ubovu," alisema. "Ni betri. Iko kwenye buti."

Mama Seth alimkazia macho. "Umejuaje?"

"Niliisikia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza?" Mama Seth akaweka chini kikombe chake cha chai. "Wiki tatu nasukumwa kama mkokoteni, Mama Lea, na wewe unanitazama tu huku unapanga nyanya?"

"Ndiyo. Nilikuonea wivu. Na leo nimekuja kwa wivu huo huo. Fungua buti."

Mama Seth akachukua ufunguo, akafungua. Ursula aliinua kifuniko cha kando, betri ikaonekana, ndogo, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe. Akafungua waya wa hasi, kisha wa chanya, akachomoa bomba dogo la kutolea hewa, akaitoa. Akaipima kwa kamba, urefu na upana, akatia alama upande wa chanya, akamtuma Mama Seth mjini na kamba ile, maana betri kubwa isingeingia. Huku nyuma akachukua magadi gengeni, akayakoroga kwenye maji, akamwagia ukungu uliobaki kwenye ncha za waya. Ukatoa povu ukaisha.

Henry aliporudi mchana alimkuta mkewe nusu mwili ndani ya buti, anakaza betri mpya, akaanza na chanya, akamalizia hasi. Mama Seth akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja. Henry alibaki amesimama na mikono ya shati iliyokwisha kukunjwa kwa ajili ya kusukuma.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema polepole.

Ursula alisema fundi hana budi kulijaribu gari. Akakaa kwenye usukani, akaelekea barabara ya Singida. Lilikwenda kasi kuliko alivyowahi kuwaza, na angefurahi, ila kwenye kioo kidogo aliwaona Henry na Mama Seth wamesimama pamoja getini, Mama Seth anasema kitu, Henry anacheka. Hakufika hata kwenye mashamba. Aligeuza, akarudi, akasimamisha gari katikati yao.

Jioni alimuuliza mumewe waziwazi. Henry alisukuma sahani kando.

"Nilitaka kukaa ndani ya lile gari," alisema. "Basi. Mimi hata baiskeli sijawahi kuwa nayo."

Ursula alimwamini nusu. Kwa nusu nyingine aliendelea kumchunga.

Mama Seth hakumsamehe upesi, lakini alisimulia sokoni nani aliyelitengeneza gari lake, na madereva wa Majengo wakaanza kuja. Mwaka uliofuata genge likaondolewa, pakawa na kibanda cha ufundi. Henry hakukataza tena. Alihamishia kiti chake mlangoni, na kila mteja wa kiume alipokawia, alikohoa, akauliza kazi itakwisha saa ngapi.