Biasha na Njia ya Bondeni

Lukumani alinunua baiskeli mwaka hamsini na moja, na mimi sijamsamehe mpaka leo. Tulikuwa wote Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, tunang'oa visiki nyuma ya matrekta ya Wazungu. Mshahara mmoja, ugali mmoja, chawa wale wale. Mshahara wangu ulipita kooni, pombe. Yeye akaweka, akaweka, siku moja akatoka dukani anasukuma baiskeli nyeusi, vyuma vyake vimefungwa karatasi za kahawia, na hizo karatasi akakataa kuzitoa. Alisema rangi itaungua jua.

Lakini hii si habari ya Lukumani. Ni habari ya mkewe, Biasha, wa kwetu Mbekenyera. Maana wivu wangu mimi ukiuweka karibu na wa Biasha, wangu ni kama chumvi ya kulamba kidoleni.

Biasha alikuwa mtoto wa mwinda nungu. Baba yake hakuzaa wa kiume, basi akamfundisha yeye kusoma nyayo. Alikuwa anaangalia mchanga wa njiani asubuhi anakwambia nani kapita, kabeba nini, na kama alikuwa na haraka. Mwanamke wa namna hiyo ukimwoa, ukae nyumbani. Lukumani yeye akamwoa, akahamia kwao kama desturi yetu Wamwera, halafu akaenda karanga, anarudi kila mwisho wa mwezi.

Sasa, kutoka Nachingwea kuja kwetu kulikuwa na njia mbili. Ya juu inapita Ruangwa, fupi, ina watu, ina vumbi jekundu linalokuingia mpaka kwenye meno. Ya bondeni inazunguka mbali, inafuata mto. Nzuri, siwezi kukataa. Mianzi, mivumo, mashamba ya ufuta yanayotoa maua meupe, na kiangazi mto wenyewe ni mchanga mtupu, unachimba kidogo unapata maji matamu. Nzuri, lakini ndefu. Mtu mwenye mke anayemsubiri haipiti.

Lukumani aliipita kila mwezi.

"Ya chini ina kivuli," alikuwa anasema. "Tairi hazipati moto."

Tulikuwa tunaondoka pamoja Nachingwea, mimi kwa miguu njia ya juu, yeye na baiskeli yake njia ya chini, na mimi ndiye nilikuwa natangulia kufika. Yeye anatokea kesho yake, anaisukuma baiskeli kwa mkono kuingia kijijini, anapiga kengele kama mtu anayeita mbuzi. Tukimwambia panda tukuone, anasema baiskeli ya mtu mwenye akili haipandwi kijijini, inamaliza tairi. Sisi tukamwonea wivu na akili nayo.

Biasha hakuona akili. Biasha aliona sabuni.

Zamani zile sabuni ilikuwa inakuja mche mrefu, unaununua mzima, unakata nyumbani. Lukumani kila mwezi alikuwa analeta mche, na kila mwezi mche unafika umekatwa kichwa. Kipande cha vidole vinne hakipo.

"Panya wa Nachingwea wanakula sabuni?" Biasha akamuuliza.

"Nilioga njiani."

"Ulioga na nani mpaka ikaisha vidole vinne?"

Lukumani akacheka peke yake. Usiku ule Biasha hakulala na hakumlaza. Alfajiri, mume amechoka amesinzia, Biasha akatoka akaenda kwa mjomba wake, mzee Abdala. Kwetu ndoa ina mjomba. Bila mjomba huwezi kumtoa mume, hata kama kakuchomea nyumba.

"Leo natupa baiskeli nje ya ua," akamwambia. "Mwenyewe ataifuata."

"Umemwona na mtu?"

"Nimeona sabuni."

"Sabuni sio shahidi," Abdala akasema. "Twende ukaone kwa macho. Ukiona, mimi mwenyewe nitabeba mkeka wake mpaka barabarani. Usipoona, urudi umpikie, na unyamaze."

Wakakubaliana hivyo. Wakashuka bondeni, wanazifuata alama za tairi kinyumenyume, wanarudi zilikotoka. Mambo haya mjomba Abdala alinisimulia mara moja. Biasha alinisimulia mara hamsini, na kila mara nyayo zinaongezeka.

Jamani, mkitaka kumfanyia mkeo ujanja, nendeni kwa miguu. Baiskeli ni barua. Ile alama ilikwenda mchangani kama kamba, na pembeni yake nyayo za Lukumani, hatua kwa hatua. Biasha akasimama.

"Mjomba. Alikuwa anatembea."

"Mchanga."

"Hapa pagumu hapa. Anatembea tu. Mtu mwenye baiskeli kwa nini atembee?"

Jua lilikuwa limepanda sana walipofika mahali paitwapo Nandandala, mto unapotanuka, udongo umekauka mgumu kama ua uliofagiliwa. Pale ile kamba ikaanza kulewa. Inazunguka, inajikata, inarudi. Na nyuma yake, Biasha akaona alichokuwa anakitafuta tangu alfajiri: nyayo nyingine. Ndogo, za mwanamke, za kukimbia.

"Anamkimbiza," akasema. "Wanacheza."

Mbele kidogo mchanga umelaliwa. Alama ya mgongo, ya kiwiko, na karibu yake alama za magoti mawili madogo.

Biasha akakaa chini pale pale. "Walilala hapa."

Abdala akainama, akaangalia sana. Alikuwa mzee wa haki, anapenda chakula, hapendi ugomvi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimelala na wanawake katika maisha yangu. Hakuna siku niliyoacha alama ya pedali."

Ilikuwepo kweli. Biasha akaiona, akakasirika zaidi.

Nyayo ndogo zikawapeleka kwenye nyumba moja juu ya ukingo. Akatoka mwanamke anaitwa Mwamina. Laiti angekuwa kikongwe, habari ingeishia hapo. Mwamina alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, meno yamepangika, shingo ndefu, khanga safi inanuka sabuni. Na ukutani baiskeli kuukuu, ya marehemu mumewe, aliyekuwa anazungusha chumvi na nguo kwa baiskeli bonde lote hili.

"Nimekuja kwa ajili ya Lukumani," Biasha akasema, hata hodi hakupiga.

"Aliondoka jana. Goti limepona?"

"Goti gani?"

"Alianguka mara saba." Mwamina akamwangalia Biasha, akamwangalia mzee, akaelewa. "Dada, wewe ndiye mkewe. Mumeo hajui kupanda baiskeli. Anakuja hapa namshikia keria, ananipa sabuni. Hataki wanaume wenzake wamwone."

Mjomba Abdala aliniambia alicheka mpaka akashika mlango. Mwaka mzima karibu, sisi tunalala na njaa ya ile baiskeli, na mwenyewe anaitembeza kama ng'ombe.

Biasha hakucheka. Na hapa ndipo nilipomjua Biasha, kwa sababu mwanamke mwingine angefurahi. Alisema, "Afadhali mngelala."

"Biasha," mjomba akasema.

"Mimi ananipigia kengele. Wewe unamwona akianguka. Magoti yake umeyafunga wewe. Mimi nimeolewa na nini, karatasi za kahawia?"

Mwamina akaingia ndani. Akaleta maji ya kunywa.

Biasha akanywa, akarudisha kata. "Mjomba, rudi nyumbani. Mwambie Lukumani sijaona. Kupika nitapika nikirudi, lakini kunyamaza, hapana." Halafu kwa Mwamina: "Nishikie keria na mimi. Sabuni nitaleta."

Akakaa siku tatu Nandandala, anajifunza kwa ile baiskeli ya marehemu. Mwamina alisema yule akianguka, alikuwa anaikasirikia baiskeli mpaka inanyooka.

Kwetu Mbekenyera Lukumani aliamka hana mke. Mjomba anasema, "Hajaona kitu," basi, haongezi. Siku ya kwanza akajikaza. Ya pili akaanza kuuliza wanaume wa kijiji mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa mabaya. Mimi aliniuliza mara mbili. "Mke wangu kalala wapi?" Ya tatu akachukua baiskeli akashuka bondeni, anaisukuma, anatafuta nyayo ambazo hajui kuzisoma.

Wakakutana kwenye mashamba ya ufuta. Biasha anakuja kwa miguu, magoti yamechubuka yote mawili.

"Ulikuwa kwa nani?" Lukumani akasema.

"Kwa Mwamina."

Lukumani akayaangalia yale magoti. Biasha akaichukua baiskeli mikononi mwake, akachana zile karatasi za kahawia kuanzia usukani mpaka nyuma, akazitupa ufutani. Akafunga khanga vizuri, akapanda, akaweka mguu mmoja chini.

"Kaa keria," akamwambia mumewe.

"Watu wataniona."

"Mwamina alipokuona hukufa."

Akakaa. Wakaja hivyo mpaka karibu na nyumba za kwanza, hapo Biasha akashuka, wakaisukuma wote wawili kuingia kijijini. Mimi nilikuwa barazani. Nikauliza mbona hampandi. Biasha akaniangalia, akasema, "Tutamaliza tairi."

Hakumwaibisha. Lakini ule mchezo wa Wazungu wa karanga ulipokwisha na Lukumani akarudi shamba, Biasha ndiye aliyemfundisha, huko huko bondeni, yeye mwenyewe ameshika keria. Na aliposhika hakuachia. Lukumani alikuja kuwa mpandaji mzuri, anakwenda Kiegei na kurudi, na kila safari Biasha yuko nyuma, kamshika shati.

Nandandala Lukumani hakupita tena. Sabuni ya Mwamina alikuwa anaipeleka Biasha mwenyewe, mche mzima, haujakatwa. Mumewe anamwacha kwangu anisaidie kuchambua ufuta, mpaka yeye Biasha arudi.

Baiskeli anaondoka nayo. Nami hawajawahi kuniazima, si mume si mke.