Kofia ya Kipa Iliyowekewa Wageni

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimegonga mabati hapa Kondele nikitengeneza majiko tangu ujana wangu. Nimeona vibanda vikiungua, nimeona mawe ya siku za siasa yakipita juu ya kichwa changu kama ndege, na yakishapita naokota nyundo naendelea na kazi. Lakini juzi jirani yangu, mama wa mitumba, alikata kamba za robota jipya, akapekua masweta na makoti mazito ya watu wa nchi za baridi, akatoa kitu kimoja akakiinua juu. Nyundo ikaniponyoka ikaangukia kidole cha mguu. Sikusikia uchungu.

Ilikuwa kofia. Ngumu, ya kufunika kichwa chote mpaka kidevuni, na mbele ya uso ina vyuma vyembamba kama dirisha la duka.

Watu wakajaa. Fundi wa kuchomelea akasema hiyo ni yake, Mungu amemkumbuka. Mtu wa boda akamkatiza: "Wacha wewe! Hiyo ni ya abiria wangu. Akivaa hiyo hata tukianguka anaamka akiuliza tumefika?"

"Nyote hamjui," mama wa mitumba akasema. "Hii ni ya mwanaume anayerudi nyumbani akijua bibi yake ameshika mwiko."

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka.

"Ni ya kipa," nikasema.

"Kipa gani, Baba? Kipa wa wapi anafungiwa kichwa kama simba?"

"Kipa wa mpira wa magongo."

Mama akatoa simu yake akaiuliza. Simu ikatuonyesha jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Watu wanateleza juu ya barafu, uwanja mzima barafu, wana magongo mikononi. Mama wa samaki wa upande wa pili akashika mdomo: "Barafu yote hiyo na hakuna hata mbuta mmoja juu yake!" Na golini amesimama mtu aliyefunikwa kila mahali, miguu, kifua, mikono, na kichwani kofia kama ile. Wanamtwanga na kitu cheusi, kinamgonga usoni, paa! Anatikisa kichwa tu, mchezo unaendelea.

Halafu ikaja picha nyingine ya kipa huyohuyo siku anaacha kazi. Mama akatufasiria: alianza akiwa mtoto, akalipwa kwa kusimama golini, akasimama mpaka mvi zikamtoka. Watu wote wameinuka wanampigia makofi. Akavua kofia. Akatabasamu.

Rafiki yangu, yule mzee alikuwa na meno yote.

Nikaichukua ile kofia nikaigeuza. Ilikuwa na mikwaruzo paji zima la uso, alama nyeusi za mpira, chuma kimoja kimepinda. Ilikuwa imepigwa na ikapigwa tena. Sikuwa nimewahi kuona kofia ya kipa iliyopigwa. Niliyoijua mimi ilikuwa inang'aa.

Mimi nilikulia upande wa Nyakach, chini ya Katito, pale ambapo mashamba yanaishia kwenye mafunjo na mafunjo yanaishia ziwani. Nililelewa na dani, yaani nyanya yangu. Alikuwa anasuka mikeka ya mafunjo, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafunjo mabichi yakianza kukauka, natazama mlangoni nikidhani ataingia. Asubuhi nilimsaidia kukata na kubeba, mabega yakiwasha. Jioni omena zinalia kwenye kikaango, ugali wa mtama unageuzwa, na vyura wa majini wanaanza kelele zao kana kwamba wamealikwa.

Dani hakuwa na meno sita ya mbele, ya chini. Alikuwa wa kizazi kile cha Wajaluo waliong'olewa wakiwa watoto, kuonyesha kwamba sasa wewe ni mtu. Nilimuuliza kwa nini walikubali uchungu ule. Akasema, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "mtu akiugua taya zikafunga, uji utapitia wapi?" Akacheka, na ulimi ukachungulia kwenye ule mlango.

Magongo yalikuja shuleni kwetu kutoka klabu moja ya mjini iliyokuwa inafunga. Walileta magongo ya zamani, mipira myeupe migumu kama mawe ya mtoni, na kofia moja ya kipa, mpya kabisa, bado iko kwenye karatasi yake. Tulipanga foleni tuione. Mwalimu mkuu akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, akaiweka ofisini kwenye kabati la vioo, kati ya kikombe cha kwaya na saa isiyotembea. Akafunga na ufunguo.

"Hii ni ya wageni," akatuambia.

Na sisi tukaona ni sawa. Usitucheke. Nani kwetu hakuwa na kitu cha wageni? Dani mwenyewe alikuwa na sahani mbili za maua juu ya rafu, na sisi tulikula kwenye bakuli lililotoboka. Tulifundishwa hivyo: kizuri hakiguswi, kizuri kinangoja mtu atoke mbali.

Mimi ndiye niliyekuwa kipa. Sijisifu, lakini waulize waliobaki. Kiwanja chetu kilikuwa udongo mweusi wa tambarare ya Kano, ule ambao mvua ikinyesha unakunyang'anya viatu, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mpira ukipita chini ukikuta ufa, unaruka kama panzi, hujui utakuja magotini au machoni. Mimi nilijua. Nilizikariri zile nyufa kama watoto wengine wanavyokariri hesabu. Dani alinisukia vikinga miguu kwa mafunjo, vinene, vyepesi, mpira ukigonga unasikia pu, unakufa hapo. Watoto wa shule nyingine walinicheka. "Kipa wa mkeka! Tutakulalia leo!" Wakipiga, mpira haupiti, wananyamaza.

Nilipiga kelele golini mpaka ng'ombe wa majirani walijua majina ya mabeki wangu. Kipa anaona kiwanja chote, asipoita, nani ataita?

Muhula wa mwisho wa darasa la nane, mwalimu wa michezo alituambia mkuu wa shule ya sekondari ya bweni atakuja kutazama mechi yetu ya fainali. Shule yake ilitaka kipa. Akimpenda kipa, anamchukua asome bila karo. Unajua maana yake? Dani alikuwa anauza mikeka. Hakukuwa na mlango mwingine kwangu, ulikuwa lile goli peke yake.

Dani alinishika kidevu, akanitazama usoni. "Miguu nimekufunika. Uso nikikufunikia na mafunjo utaonaje? Nenda uombe ile kofia."

Nikaomba. Mwalimu wa michezo akasema, "Unataka kuikwaruza kabla mgeni hajaiona?" Basi dani akafunga kitambaa chake cha kanisani, akaenda mwenyewe. Walimu wote wawili walikuwa ofisini, nami nilisimama chini ya dirisha nikasikia kila neno.

"Mwalimu, huyu mtoto atasimama mbele ya mawe."

"Mama, hii ni mali ya shule," mwalimu mkuu akasema, kwa upole kabisa, huo upole ndio unaoniuma. "Mgeni akija akaiona kwenye kabati, atajua shule yetu ina vifaa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni shujaa, Mama. Hajawahi kuumia."

Dani alinitangulia njia nzima. Jioni alipanda juu ya kigoda, akashusha sahani ya maua, akaipangusa vumbi na upindo wa nguo yake, akanipakulia humo. "Kula," akasema. "Leo mgeni ni wewe." Nilikula polepole, naogopa kuikwaruza na kucha.

Fainali ilikuja na jua la kupasua kichwa. Mgeni alichelewa. Tulikuwa tunaongoza bao moja, na mchezo uko karibu kwisha, wale wenzetu wakapata nafasi. Kijana wao mrefu akapiga chini. Niliujua ule mpira. Niliujua na ufa utakaougonga. Nikajitupa, mpira ukaruka, ukaja juu kuliko siku zote, nikauona mweupe, mkubwa kama mwezi.

Haukuingia. Nataka ujue hivyo kwanza. Mpira haukuingia.

Nilipofumbua macho nilikuwa na mchanga na kitu kama kokoto mdomoni. Hazikuwa kokoto. Watu wanashangilia, filimbi imelia, tumeshinda. Na hapo hapo gari la mgeni likaingia getini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapowataja wale walimu wawili. Mwalimu wa michezo alinikimbilia, akaona mdomo wangu, akageuka akatazama lile gari. Mwalimu mkuu akatoa ufunguo mfukoni. Nikaona mtu anatoka ofisini mbio, ameikumbatia kofia. Nilidhani ni maji wanaleta. Wakanivisha ile kofia, rafiki yangu, juu ya taya lililovunjika. Wakakaza mkanda chini ya kidevu.

"Damu isionekane," mwalimu mkuu akasema. "Mgeni asije akaogopa."

Ndani ilinukia mpya. Sponji safi, laini, haijawahi kuguswa na jasho la mtu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko uchungu: kwamba ilikuwa laini hivyo, na wakati wote ilikuwa hatua chache kutoka kiwanjani.

Tukapangwa mstari. Mgeni akapita akitusalimia kwa mkono, mtu mnene mwenye furaha. Akafika kwangu, akagonga kofia kwa kidole. "Vizuri sana, shule ina vifaa! Na wewe uliye humo ndani, unaitwa nani?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Nikifungua, ingemwagika kwenye viatu vyake. Mwalimu wa michezo alikuwa amenishika bega kutoka nyuma, akalibana.

"Ana haya, bwana," akasema.

Mgeni akangoja. Nikameza. Nikajaribu tena, taya likakataa, nikameza tena. Akatikisa kichwa, si kwa ubaya. "Kipa lazima awe na mdomo," akasema. "Kipa asiyeita mabeki atanisaidia nini?" Akapita. Alimchukua kipa wa wale tuliowashinda.

Mgeni simlaumu sana, hakuambiwa. Wale wawili waliambiwa, na nyanya yangu ndiye aliyewaambia, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Waliponivua kofia, mwalimu mkuu alichungulia ndani akanuna: "Umeichafua." Wakaiosha, wakairudisha kwenye kabati.

Taya langu lilifungwa kwa vitambaa wiki nyingi. Dani aliniketisha nje ya nyumba, mikeka ikianikwa pembeni, akaninywesha uji kwa kijiko kidogo kupitia pale penye pengo, kidogo kidogo, kama mtu anayemwagilia mche. Siku moja kijiko kikabaki hewani.

"Meno yangu waliyatoa ili uji upite nikiugua," akasema. "Yako wameyatoa ili kabati lipendeze." Akaweka bakuli chini, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla, na sikumwona tena baadaye. Tangu siku ile zile sahani za maua hazikurudi kwenye rafu. Tulizitumia mpaka maua yakafutika.

Nilipita huko Nyakach kwenye matanga mwaka jana. Kiwanja kimejengwa maduka, nyufa zimefunikwa saruji. Nyumba ya dani imebaki kichuguu cha udongo. Mwalimu mkuu alizikwa kwa sifa nyingi. Mwalimu wa michezo yu hai, hanitambui, ananiita mzee. Kabati sijui lilienda wapi. Mafunjo yenyewe yamekatwa, yamechomwa, ukitafuta mkeka wa kweli sasa utapewa wa plastiki.

Basi juzi nimesimama na ile kofia iliyokwaruzwa, watu wamekwishatawanyika, mama wa mitumba anakunja masweta. Sijui nini kilinipata. Nikaivaa. Ndani ilinukia jasho la mtu nisiyemjua, jasho la miaka, na sponji ilikuwa imelika. Nikashukuru kwamba imelika.

Mama akainua macho akaangua kicheko. Akaja akagonga vile vyuma kwa ukucha.

"Haya, wewe uliye humo ndani, unaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikataja jina langu, na la baba yangu, na la shule, na darasa. Kisha nikaita mabeki wangu, mmoja mmoja, kwa sauti ya kiwanjani, mpaka fundi wa kuchomelea akazima moto wake na mtu wa boda akasimamisha pikipiki katikati ya barabara. Hakuna beki aliyeitika. Mama wa mitumba hakucheka tena. Alisimama pale ameshika sweta la mtu wa baridi kifuani, akaniacha niite.