Siku Kaka Alipokaa Chini Katesh

Ko, ko, ko. Ni njumu za kaka yangu zikigonga mawe nyuma ya zizi, asubuhi ile aliporudi na jozi yake ya kwanza kutoka timu ya shamba la ngano. Uwanja ulikuwa mbali na hakukuwa na mechi, lakini alitembea nazo kila mahali, hata alipokwenda kufungulia ndama. Nyumba nzima ilicheka kwa furaha. Mimi nilicheka nao, halafu nikaingia ndani nikanuna. Mguuni nilikuwa na katambuga za tairi, na tairi haisemi kitu ukikanyaga jiwe.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, na ulikaa kwetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Kaka alikuwa kibarua wa kushona magunia wakati wa mavuno. Jioni alicheza mpira. Alipoanza kufunga mabao, walinzi wa shamba waliowahi kutufukuza wakawa wanawaona ng'ombe wetu kwenye mabua ya ngano na kugeukia upande mwingine. Baba hakuwahi kuwasamehe watu wa shamba kwa kuilima mbuga aliyochungia tangu utoto. Kila aliyekuja nyumbani aliambiwa kwamba ardhi yote ile, mpaka chini ya mlima, ni yetu, walime wasilime. Lakini kwa habari ya kaka alilegea kidogo. "Angalau mguu wa mtoto wangu unalisha ng'ombe," alisema.

Kisha timu ya Arusha ikamchukua. Kutoka Arusha akaenda Nairobi. Kutoka Nairobi, Kampala. Habari zilitufikia kwa madereva wa malori ya ngano, au kwa redio ya kantini ya shamba, na mara nyingi zilifika kwa watu wengine kabla yetu. Siku za mnada Katesh nilikuwa sipiti kwa amani.

"Dada wa mchezaji! Leo kaka yako yuko nchi gani?"

"Yuko Kampala."

"Kampala ya zamani hiyo! Yuko Lusaka sasa. Ndugu yako mwenyewe unaletewa habari zake na wauza vitunguu?"

Walicheka, nami nikacheka, maana mimi si mtu wa kukasirika mbele za watu. Lakini njiani kurudi kwetu Mogitu nilikuwa naongea peke yangu. Nilimaliza darasa la saba nikiwa sijui hesabu za sehemu, ila ramani iliyokuwa ukutani nyuma ya darasa niliijua yote. Lusaka niliijua mimi kabla yake. Kule machungani nilikuwa napanda juu ya jiwe, nafunga kanga yangu kama furushi, naruka chini, nawasalimia mbuzi kana kwamba nimeshuka kwenye basi mji wa kigeni. Yeye aliyekuwa hata hajali ramani ndiye aliyepewa dunia.

Ningevumilia, kama si Singida. Mtawa mmoja aliyefundisha ushonaji huko alipita kwetu akitafuta wasichana waliomaliza shule. Aliniona nimeshona kiraka kwenye shuka ya baba, akakigeuza, akakitazama kwa nyuma, akasema, "Huyu namtaka. Nafasi yako nitaishika mpaka mvua zianze."

Nilidhani nitaruka mpaka mlimani. Baba akatikisa kichwa.

Kwetu hatoki mtu bila kupakwa siagi kwenye paji la uso na baba yake. Na baba alishika jambo moja aliloachiwa na baba yake: mtoto akiwa safarini, wa pili hapakwi siagi mpaka yule wa kwanza arudi, akae chini kwenye ardhi ya kwao, anywe maziwa ya ng'ombe wa kwao. Wakitoka wawili kwa mfululizo, alisema, njia huwabeba wote.

"Sikukatazi," aliniambia. "Kaka yako akirudi, utakwenda."

Lakini kaka harudi! Yeye alikuwa anahama tu. Siku dereva mmoja alipotuletea habari kwamba kaka amechukuliwa na timu ya Maskati, majirani walikuja kumpongeza mama. Mimi nilikwenda kukata majani ya ndama nikayakata kwa hasira, mpaka shangazi akauliza, "Hayo majani yamekukosea nini?" Kila nchi mpya kwake ilikuwa mlango unaofungwa kwangu. Na mvua zilikuwa karibu.

Basi dereva mwingine akaja na habari ya kutuchanganya. Kaka amesharudi kutoka Maskati, yupo tena na timu ya Nairobi, na timu hiyo inakwenda kucheza Singida na Tabora. Kesho basi lao litapita Katesh. Litapita tu, wala halilali.

Baba alisema mtoto anayepita si mtoto aliyerudi. Nilikwenda kwa shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke ambaye baba akimwona anakuja kwanza hutafuta fimbo yake ili apate kitu cha kushika. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jaza kibuyu," akasema.

Tulifika Katesh, pale chini ya mlima, mapema tukakaa kando ya barabara, kibuyu mapajani mwangu. Basi lilipotokea shangazi alisimama katikati ya barabara akanyoosha mikono. Dereva alifunga breki, vumbi likatufunika wote, na lilipotulia kaka alikuwa mlangoni.

Mungu wangu, alivyopendeza. Alivaa suti ya michezo nyeupe kama maziwa yenyewe, na saa mkononi. Alimwamkia shangazi, "Shikamoo," shangazi akaitikia huku akimpapasa mabega, kisha kaka akanikumbatia. Alinukia sabuni ambayo hatukuwa nayo. Nilimpenda na kumwonea kijicho kwa pumzi moja.

"Kaa chini unywe," nikamwambia.

"Mdogo wangu, nitakunywa nimesimama. Dereva ana haraka."

"Kaa chini."

"Nguo ni nyeupe! Sisi tunashuka Singida kwa mkuu wa mkoa."

"Na mimi nashuka Singida kwa masista, na wewe ndiye uliyenizibia njia. Kaa!"

Wenzake walikuwa wamejaa madirishani. "Huyu ni dada yako au ni kocha?" mmoja akauliza. Mwingine, Mkenya, akapiga bati la basi kwa kiganja: "Keti bana! Madam amesema keti!"

Kaka alinitazama. Nadhani ndipo alipokumbuka neno la baba, maana uso wake ulibadilika. "Kumbe unanisubiri mimi," akasema polepole. Akakaa. Hakuchuchumaa, alikaa kabisa kwenye lile vumbi, miguu ameinyoosha, akakishika kibuyu kwa mikono miwili akanywa mpaka maziwa yakamchirizika kidevuni. Alipoinuka, suti yake kwa nyuma ilikuwa na rangi ya barabara ya Katesh. Basi zima lilishangilia kama amefunga bao.

Jioni ile shangazi alimkabili baba zizini.

"Mtoto amekunywa."

"Amekunywa wapi?"

"Katesh. Amekaa chini."

"Katesh si nyumbani."

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Rudia hilo. Rudia kwa sauti, watu wa shamba wasikie. Ardhi mpaka chini ya mlima ni yetu au si yetu?"

Baba alitazama upande wa mashamba, akatazama fimbo yake. Halafu akamwita mama alete siagi.

Niliingia Singida kabla ya mvua. Nilifurahi, nikajifunza kukata gauni, nikapata marafiki wa kucheka nao. Mnafikiri wivu ulikwisha? Mvua zilipokuwa zinaelekea mwisho, redio ya bwalo ikataja timu mpya ya kaka, safari hii Harare. Wasichana wenzangu walinirukia shingoni kunipongeza. Niliitikia, nikatabasamu, kisha nikaenda kukata kitambaa kwa hasira kama yale majani ya ndama.

Jumamosi, baada ya kufua, nilitoka peke yangu nikaenda stendi. Nilimwendea mkata tiketi, nikamwuliza basi la Tabora, mji nilioujua kwa ramani tu, linaondoka saa ngapi. Akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia hapana, nataka tu kujua. Akaniambia, nikamshukuru, nikarudi chuoni.