Alama za Msumeno

"Hiki ni chuma au biskuti, Tarsis?"

Waridi alibwaga vipande viwili vya ekseli mezani, gereji nzima ya Gerezani ikageuka. "Juzi guta limebeba gunia kumi za mchele, kimya. Leo gunia mbili tu za vitunguu, katikati ya barabara, kwa! Mudi, dereva wangu, kachubuka goti, vitunguu vimetapakaa mpaka Msimbazi. Umeniuzia chuma kibovu!"

Waridi alikuwa na maguta matano, baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, anayakodisha pale Kariakoo. Mdomo alikuwa nao wa maguta kumi.

Tarsis, fundi aliyezitengeneza ekseli zote tano, hakupandisha sauti. "Hata salamu, dada?"

"Salamu utaipata kwa mjumbe."

"Na sinia langu la pilau nitalipata kwa nani?"

Mafundi wakacheka. Waridi alimwahidi sinia hilo ekseli zikimaliza mwaka. Mwaka ulishapita na miezi sita juu, na yeye kila akikumbushwa, anakumbuka safari.

"Nionyeshe kosa langu, kesho unakula," Waridi akasema. " Ukishindwa, ekseli mpya bure."

Tarsis akainua kipande, akamwonyesha palipokatika. Karibu pote palikuwa laini na peusi, pana mistari kama ya gamba la chaza. Pembeni tu palikwaruza na kung'aa.

"Hapa panapong'aa ndipo palipokatika leo. Huku kweusi kumekatika kidogo kidogo, miezi. Vitunguu havina kesi. Chuma kinachoka, dada. Kila gurudumu likizunguka, ekseli inavutwa, inabanwa. Mzigo ukiwa wa kiasi na mwili wake mzima, itazunguka mpaka wajukuu zako wazeeke. Ikipata jeraha, ufa unaanzia hapo, na kila mzunguko unaula. Sasa hili jeraha kapiga nani?"

Mistari yote ilianzia kwenye mkato mmoja mdogo. Waridi akautambua. Ilikuwa alama yake: mikato mitatu ya msumeno, aliyoipiga kwenye kila ekseli ili mafundi wa mjini wasimbadilishie kuukuu. Wenye maguta wengi hufanya hivyo.

Akaruka: "Yale manne yako kazini!"

Akapiga simu kama mtu aliyeona moto. Kufika adhuhuri maguta yote manne yalikuwa miguu juu pale gereji. Tarsis akazipaka ekseli mafuta ya taa, akazifuta zikakauka, akazipaka unga wa chaki. Tatu zikabaki nyeupe. Ya nne, penye alama, mafuta yakachuruzika taratibu kutoka ndani ya ufa, mstari mwembamba kama unywele.

Lilikuwa guta la Bushiri, aliyekuwa amepakia mitungi ya gesi. Bushiri akakaa chini bila kuambiwa.

Hiyo ikatupwa. Tatu zilizobaki Tarsis akazipiga tupa na msasa, mpaka kidole kikapita bila kusikia kitu. "Alama zako piga rangi," alisema.

Waridi akatoa rangi ya kucha mkobani, nyekundu, akapiga hapo hapo.

Kesho yake sinia likafika, limefunikwa kawa, mvuke unatoka. Tarsis akanawa, akalikagua kama anavyokagua ekseli.

"Kachumbari iko wapi?"

"Kachumbari hatukuahidiana, fundi." Lakini akaingiza mkono kapuni, akatoa bakuli. "Kula. Vitunguu vya Msimbazi hivyo, mwenye mzigo kavikataa."

"Basi dada, hatudaiani," alisema Tarsis, tayari mdomo umejaa.