Shuka Mbili za Yaya Furaha

Enzi zetu, binti aliyefika miaka kumi bila kujua kushika sindano alikuwa aibu ya nyumba nzima, na shangazi zake walimsema mbele za watu bila kupunguza sauti. Leo binti wa miaka ishirini kifungo kikimkatika anatafuta fundi. Hapa Kabambare nimemwona kwa macho yangu mwenyewe msichana aliyefunga blauzi kwa pini, na pini yenyewe kaiazima. Nilibaki mdomo wazi. Nyinyi wa rika langu mtanielewa.

Sisi tulizaliwa Kasongo. Mama alijifunza kutarizi kwa masista wa misheni akiwa msichana, na tangu hapo hakuwahi kukaa na mikono mitupu. Alitarizi mito, vitambaa vya meza, mapazia, mpaka leso za baba ambazo baba aliona haya kuzitoa mfukoni mbele ya walimu wenzake. Sisi watu wa kule tuliiita kazi hiyo broderi, na mwanamke mwenye broderi nyumbani kwake aliheshimiwa hata kama chungu chake kilikuwa hakijai.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipopelekwa kufundisha kijijini Wamaza. Nilidhani kuhama ni sherehe. Siku ya pili kamyo, lori lililotubeba, ikazama kwenye tope, ikakataa katakata kutoka, nasi tukamalizia safari kwa miguu, baba akisukuma baiskeli. Sufuria tuliziacha kwa watu njiani tuje kuzichukua baadaye. Sanduku la nyuzi halikuachwa kwa mtu yeyote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mama kwa nini.

Tulipoonyeshwa nyumba nilipigwa na butwaa. Paa la nyasi limetoboka upande mmoja, kuta hazijapakwa udongo vizuri, na ndani amelala mbuzi, akatutazama kama sisi ndio tumeingia bila hodi. Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alianza kulia kimyakimya. Mama alimfukuza mbuzi, akafungua sanduku, na kabla hata ya kufagia akatundika mlangoni pazia lenye maua mekundu na ndege wawili.

Wanawake waliokuwa wakirudi mashambani na vikapu kichwani walisimama wote kutazama. Mmoja wao akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mama Mwalimu, maua hii tutaipika na nini?"

Wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Mama naye alicheka, lakini pazia hakulishusha. Kwa miezi mingi tulikuwa ni "wageni wa Kasongo", watu wa kushona maua huku shamba likiota majani.

Aliyetuokoa na njaa alikuwa Bibi Zaina, mjane Mwislamu aliyekaa ng'ambo ya njia, mkavu kama kuni na mwenye ulimi mkali. Ndiye aliyetuletea vijiti vya mihogo vya kupanda, akamwonyesha mama namna ya kuvilaza ardhini. Mpaka mihogo yetu ilipokomaa, karibu kila siku alituma bakuli la sombe, mboga ya majani ya mihogo, lililonona mafuta ya mawese, na sijala sombe nyingine kama ile. Halafu baada ya kukusaidia alikusimanga. "Mama Furaha," alisema akitazama mashimo aliyochimba mama, mstari umepinda, "mikono yako iko ya sikukuu tu."

Mama aliipokea ile mizaha yote na jioni akarudi kwenye sindano zake. Zilikuwa tatu tu, na sheria yake ilikuwa moja: "Sindano ikipotea, hakuna kula." Imepotea mara ngapi kwenye ile sakafu ya udongo! Tulitambaa wote, baba pamoja, tukiburuta sumaku tuliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Nyuzi zilipoisha tulifumua sweta kuukuu, tukachemsha uzi kuona kama rangi inachuja. Wenzangu wakicheza nzango, wakirusha miguu na kuimba, mimi nilikuwa nimenyoosha mikono miwili mbele kama mfungwa, mama akinikunjia uzi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wanyooshe mikono hivyo kwa dakika mbili watakuuliza kama kuna chaji ya simu.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa shuka mbili nyeupe za Yaya Furaha. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kasongo, na kwetu shangazi za bwana harusi hawaji kula tu. Wanatandika mkeka, wanakunjua shuka za binti, wanapitisha vidole juu ya kila ua, wanageuza upande wa chini kuona mafundo. Binti asiye na shuka ni binti asiye na mama. Mama na Yaya walifanya kazi ile viangazi viwili. Mama hakujua kuishia kwenye pindo, maua yake yalitoka pembeni yakapanda mpaka katikati.

Bibi Zaina alifariki wakati wa mvua, alfajiri. Waislamu hawalazi maiti, ilibidi azikwe siku ile ile. Lakini daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji juma zima, wachuuzi wa baiskeli hawakufika, na madukani hakukuwa na kitambaa cheupe hata cha kufungia kidonda. Kaka yake, Mzee Ramazani, alikuja akasimama nje ya pazia letu, kofia mkononi.

"Mama Mwalimu, hatuna sanda," alisema. "Watu wanasema kwako kuko shuka nyeupe."

"Ziko," mama akajibu. "Lakini ziko na maua."

"Sanda haikubali maua, mama. Na tukikata penye maua, kitambaa hakitatosha."

Nilifikiri hapo maneno yameisha. Mama aliingia ndani, akatoka na shuka zote mbili mkononi na wembe, akavuka njia, akaketi kwenye mkeka katikati ya wanawake waliokuwa wakilia. Akaanza kukata nyuzi za ua la kwanza.

Sijawahi kushtuka vile maishani. Lile ua nililijua, nililiona likikua siku kumi nzima, na sasa lilitoka vipande vipande kama manyoya ya kuku. Nikasema kwa sauti, mbele ya wafiwa, "Mama, shuka ni ya Yaya."

Mama hakuinua uso. "Sombe ya Bibi Zaina ulikula?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi okota nyuzi."

Yaya Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akaenda nyuma ya nyumba, nami nikajua anakwenda kulia, na nikamchukia mama kwa muda ule. Kisha akarudi na sindano mkononi, akaketi mbele ya mama, akaanza kufumua shuka ya pili. Wanawake wakasogea mmoja mmoja. Yule aliyetuuliza maua tutayapika na nini alishika pindo akalikaza, akajaribu kuvuta jani moja. Jani likakataa. Akavuta tena, akahesabu mishono, akaacha kuhesabu. "Kumbe ndiyo kazi hii," alisema, na akaanza kulia upya, sijui akimlilia nani.

Tulimaliza jua limeanza kuinama. Nyuzi zilikwisha, lakini matundu ya sindano yalibaki. Mzee Ramazani alipoinua kitambaa kwenye mwanga, maua yote yalionekana kwa vitundu vidogo vidogo, majani na vishina, kila kitu mahali pake. Nilimwona mama ameziba mdomo akingoja mzee akatae. Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Tundu si pambo," akasema, akakikunja, akaingia nacho ndani.

Kuanzia siku ile hakuna aliyetuita tena wageni wa Kasongo. Wanawake walikuja baada ya shamba, mikono ina udongo, kuomba wafundishwe hata jani moja. Lakini shuka hazikurudi. Shangazi za bwana harusi walipokuja na kutandika mkeka, Yaya aliketi mbele yao akasema mwenyewe, "Shuka zangu ziko mu kaburi." Walitazamana kama waliomwagiwa maji. Ndoa ilifungwa, ila mpaka leo ukweni wanamtania kwa jambo hilo, na si utani mzuri siku zote. Yeye hajawahi kumlaumu mama, hata mara moja, na mama amekwishafariki.

Siku hizi shuka zinaletwa na pikipiki zikiwa ndani ya plastiki, maua yamechapwa na mashine, yanafanana kama mapacha. Jirani akifiwa, vijana wanaweka picha ya mshumaa kwenye simu na wanaona wamelia. Nilikuwa nawasema sana. Mwezi uliopita mwanamke aliyehamia karibu nasi, hata jina lake sijalishika vizuri, alifiwa na mtoto mchanga siku ya Mungu, Jumapili, maduka yamefungwa. Alisikia kwamba mimi hushona. Akaja mlangoni akaniuliza kwa adabu kama nina kipande cha kitambaa cheupe, hata kidogo, maana mtoto mwenyewe alikuwa mdogo.

Nilikuwa nacho. Nimekitarizi mwaka mzima kwa haya macho yanayokwisha, na sidhani nitaweza kingine. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hakiko, mama. Uliza kwa wengine."

Akanishukuru, akaenda kupiga hodi nyumba ya pili.