Zamu ya Mama Kusema

Jumanne iliyopita, wakati wa chakula cha mchana kazini, nilimwona mama mmoja mgeni akifungua mdomo mara tatu na kuufunga mara tatu. Meza nzima ilikuwa inaongea Kifaransa, wote kwa pamoja, kila mtu anaidandia sentensi ya mwenzake, na yeye alikuwa anangoja watulie. Hawakutulia. Mwishowe akainamia saladi yake akaila kimyakimya. Nilishindwa kumaliza chakula. Nilishikwa na hasira ya zamani, rafiki yangu, hasira ya mtoto wa miaka tisa, na kwa kuwa unanijua nilivyo, ngoja nikueleze inatoka wapi.

Tulikuwa tunaishi Thorncliffe Park, mtaa wa majengo marefu uliojaa wageni, ghorofa ya kumi na mbili, mimi na mama tu. Ilikuwa miaka ile ya simu za kukunja. Lifti zilikuwa mbili, moja mbovu siku zote, na ukipita kwenye korido unajua kila nyumba imepika nini: hapa bizari, pale kitunguu kimeungua, kwetu maharage ya nazi ya kopo. Mama alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi anavua viatu mlangoni, anakaa dakika tano, halafu ananyanyuka kupika. Jumamosi tulishuka chini kabisa ya jengo kufua nguo, na kazi yangu ilikuwa kukunja soksi juu ya mashine ya kukaushia. Nililipenda mno joto lile, hasa Januari, nje theluji tupu.

Mama alikuwa na jambo moja kichwani: mwanawe asome kwa Kifaransa. Mwenyewe hakukijua. Alikuwa amesikia kazini kwamba katika nchi hii mwenye lugha zote mbili, Kiingereza na Kifaransa, hakosi kazi, basi akaniandikisha kwenye darasa la Kifaransa pale shuleni, ambako masomo karibu yote yalikuwa kwa lugha hiyo. Ukishindwa unahamishiwa upande wa Kiingereza, na ukishatoka, umetoka. Hilo aliniambia karibu kila asubuhi akinisuka nywele.

Kifaransa cha vitabuni hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni yale mambo ambayo hakuna aliyeyafundisha. Ukiingia darasani ukaanza na swali kabla ya bonjour, mwalimu anakutazama tu, kalamu hewani, mpaka ujirudi mwenyewe. Sawa, hilo nililielewa haraka, maana hata kwetu mtu haanzi na shida yake kabla ya salamu. Lakini salamu ya kwetu ina nyama: umeamkaje, nyumbani hawajambo, mama anaendeleaje na mgongo. Kule unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, mmemaliza. Siku moja mwalimu aliniuliza "Ça va?", hujambo, nikamweleza kwamba mama ana homa na usiku hakulala. Akasema "Ah bon," yaani kumbe, akaendelea kugawa karatasi. Nilibaki nimesimama pale na aibu, na mpaka leo sijui kwa nini aibu ile iliniangukia mimi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mazungumzo. Mwalimu alipenda tubishane. Alitupa swali, je, watoto wavae sare, je, paka ana akili kuliko mbwa, na darasa likalipuka. Aliyesema juu ya sauti ya mwenzake hakukemewa. Aliyemkatiza mwalimu mwenyewe alipata tabasamu. Mimi nilinyoosha mkono nikangoja amalize, maana ndivyo nilivyolelewa: mkubwa akisema, nyamaza, akimaliza, ukiulizwa, jibu. Hakumaliza kamwe. Kwenye ripoti akaandika kwamba sina maoni. Mimi, sina maoni. Nilikuwa na maoni hadi kuhusu viatu vyake.

Aliyetufungua macho ni jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alishuka jioni na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akatukuta tumeikodolea macho ripoti ile. Alicheka mpaka akakaa. "Bale batu habangojake," alisema kwa Kiswahili chake, yaani wale watu hawana kawaida ya kungoja. Akatueleza kwamba kwa watu wale ukikatizwa hujatukanwa, umesikilizwa. Ukinyamaza, watadhani umekubali, au huna la kusema. "Weye ingia tu katikati," akaniambia. Nikajaribu hapo hapo, nikamkatiza yeye. Mama akanikata jicho moja tu, nikaufyata. Jirani akatikisa kichwa, akatupakulia sombe.

Mwezi wa tano barua ikaja. Mwalimu anaomba kuonana na mzazi kuhusu kunihamishia upande wa Kiingereza, na mazungumzo yanaweza kuwa kwa Kiingereza kama mzazi anapenda. Mama hakupenda. Alitaka mwalimu asikie kwa masikio yake kwamba nyumba hii ina nia. Wiki mbili nzima alikaa na jirani pale jikoni, chai ya tangawizi inapoa, akikariri sentensi nne za Kifaransa. Kwamba mwanawe anasoma kila siku. Kwamba ukimya wake ni heshima, si ujinga. Kwamba yeye mwenyewe ameanza kujifunza. Kwamba anaomba mwaka mmoja tu. Alizisema akikaanga samaki, alizisema akipiga deki, nami nilimsahihisha mpaka nikachoka.

Siku yenyewe alivaa gauni la kitenge alilolitunza kwa ajili ya harusi. Alisema bonjour kabla ya kitu chochote, vizuri kabisa. Mwalimu akafurahi, akaanza. Akasema, akasema, akapandisha mabega, akatazama dirishani, akasema tena. Kila alipovuta pumzi alimtupia mama jicho, na sasa najua alikuwa anamngoja aingie. Mama naye alikuwa anamngoja amalize. Alikaa wima, anaitikia kwa kichwa polepole kuonyesha kwamba anasikiliza. Kwetu ile ni adabu. Kwa yule mwanamke ilikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Nilikuwa nimekaa katikati yao, naelewa kila neno, naona kila pumzi inakuja na kupita, na nilijua kwamba kilichotakiwa ni mtu mmoja akose adabu kwa sekunde mbili. Ningesema "Mais non, madame," hapana, mwalimu, angegeuka kunisikiliza. Lakini ningekuwa nimemkatiza mkubwa mbele ya mama aliyenifunza nisifanye hivyo, tena siku aliyovaa kitenge chake. Nikanyamaza kwa heshima yake. Mwalimu akafunga faili, akasimama, akampa mama mkono, akamshukuru kwa kuelewa. Haikufika hata robo saa.

Nje mama akaniuliza, "Mbona amesimama? Mimi bado sijasema."

"Amemaliza, mama," nikamwambia. "Ndiyo imeisha hivyo."

Tukapanda basi. Baada ya vituo vitatu akazisema sentensi zake zote nne, kwa sauti ya chini, akikitazama kiti cha mbele yetu. Hakukosea hata moja.

Septemba nilikaa upande wa Kiingereza. Yule mwalimu sijamsamehe, na usiniambie kwamba hakujua. Miaka yote ile ya kufundisha katika mji uliojaa wageni, hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu anyamaze? Kifaransa nilikuja kukisoma ukubwani, kwa ubishi tu, na sasa napiga nacho kelele kutwa nzima kazini. Nakatiza mabosi, nakatiza wateja, na wananisifu eti najua kuongea. Wakinisifu natamani kuwatukana.

Jengo lile bado lipo. Jirani alihamia kwa watoto wake, mbali, na watu wa kukaa jikoni wakingojana wamalize, kila mtu na zamu yake, siwajui tena wako wapi. Mama anaishi nami Pickering, nje kidogo ya mji, siku hizi. Juzi tulikuwa tunakula, akaanza, "Mwanangu, leo nilipokuwa nimelala mchana..." nami nikadandia na habari za treni iliyochelewa, na za aliyenikanyaga, na za baridi ya kituoni, mpaka ugali ukapoa. Nilipojishtukia nikamwambia, "Samahani mama, ulitaka kusema nini?"

"Umemaliza?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Nikasema nimemaliza. Akafikiri kidogo, akasema amesahau.