Kola ya Ng'ombe wa Mama

Siku hizi nikisikia kijana akisema teknolojia imefika kijijini, nanuna tu. Kwetu Masama aliileta mdogo wangu. Yeye na wenzake wana kampuni changa, ofisi yao chumba kimoja kule Njoro, mjini. Walikuwa wametengeneza kola ya shingoni inayotambua ng'ombe anaumwa kabla hata hajaacha kula. Sikatai, ni kitu cha akili.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wa ziada humpeleka kwa jirani. Jirani anamlisha, anachukua maziwa na samadi, na ndama wanagawana. Nani hasa ni mwenye ng'ombe, hilo halisemwi nje ya nyumba hizo mbili. Mama alikuwa na ng'ombe wake kwa jirani yetu mjane, ninayemwita mama mdogo. Kijiji kizima kiliamini ni ng'ombe wa mama mdogo, na ndiye aliyempa heshima kwenye kikundi cha kina mama wa maziwa.

Mdogo wangu alipowavalisha ng'ombe wa kijiji kola, mashine ilitaka jina la mmiliki. Kwa yule wa kwa mama mdogo akajaza la mama. Amezaliwa hapa hapa, lakini mji umemsahaulisha adabu.

Jumapili, baada ya mnada wa ndizi nje ya kanisa, vijana wale walitundika shuka jeupe ukumbini wakaonyesha ramani: kila zizi, kila ng'ombe na mwenyewe. Kwenye zizi la mama mdogo likatokea jina la mama yangu. Mtu akacheka. Mama mdogo alikaza kitenge chake, akatoka. Nilitamani kulichana lile shuka.

Asubuhi yake akaja kwetu akimvuta ng'ombe.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema.

"Marahaba. Ng'ombe wenu huyu hapa."

"Mrudishe, tafadhali," mama akamsihi. "Wewe ndiye uliyemlea."

"Nimrudishe wapi, dada? Jana kina mama waliniuliza kama hata ndoo ni yangu."

Akamfunga kwenye mbuni wa kahawa, akaondoka. Ng'ombe akalia, akavuta kamba, akayakataa majani. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala kwetu, alisimama mlangoni. Simu yake ikaita. Ulikuwa ni ujumbe wa ile kola. Akasoma kwa sauti ya chini: ng'ombe hana utulivu, mwenye ng'ombe afike haraka.

"Basi mwite," mama akamwambia, machozi yakimtoka, akiitazama njia aliyopita mama mdogo. "Si wanamtaka mwenye ng'ombe? Mwite."